Nimedungwa fila ya mdomo na daktari wa taya hajui. Nimwambie?

Assalamu alaikum Mshauri,

Nina miaka 28, naishi Mombasa. Tangu utotoni meno yangu ya chini yametangulia ya juu na kidevu kimejitokeza mbele. Shuleni walikuwa wakiniita jina ambalo sitaki kuliandika hapa. Miezi 18 iliyopita nilianza matibabu: nikapimwa, nikapigwa picha, nikavalishwa vyuma vya meno, nikaambiwa meno yakishapangika nitapasuliwa mataya yote mawili. Sasa tarehe imetoka, ni wiki ya pili ya Agosti. Mpango wa awali ni taya la juu lisogezwe mbele milimita 5 na la chini lirudishwe nyuma milimita 3. Katikati ya Julai, yaani wiki sita kutoka leo, naenda kwa vipimo vya mwisho.

Harusi yangu ni Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Ukumbi umeshalipiwa.

Linalonisumbua ni hili. Mdomo wangu wa juu ni mwembamba mno, nikicheka hauonekani kabisa. Mwezi wa Januari wifi yangu mtarajiwa, dada wa mchumba wangu, ambaye huenda Dubai na kurudi na vitu vya urembo, alinidunga fila, ile jeli ya kujaza mdomo, sebuleni kwake. Ilikuwa bomba moja la mililita moja, na sehemu kubwa aliiweka mdomo wa juu. Nilivimba siku nne, kisha ukatulia, na kusema kweli niliupenda. Sasa naona kama imeshaisha. Wifi anataka aniongeze nusu bomba mwezi huu na nusu nyingine Novemba, ili siku ya kutolewa nje niwe nimependeza.

Daktari hajui lolote. Aliponiuliza kama nimewahi kufanyiwa kitu usoni nilisema hapana, kwa sababu mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Naogopa nikisema sasa ataahirisha upasuaji na mipango yote itavurugika. Rafiki yangu kaniambia ipo sindano ya kuyeyusha, lakini nimesikia inakula mpaka mdomo wako wa asili. Na wifi nikimkatalia litakuwa neno, maana ndiyo kwanza naingia kwao. Mchumba anasema yeye hana shida na mdomo wala kidevu, lakini si yeye atakayekaa juu ya jukwaa akitazamwa na watu mia nne.

Nidunge sasa, nidunge Novemba, niyeyushe, au ninyamaze tu?

Bi Harusi wa Desemba, Mombasa

*

Waalaikumu salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeuliza kuhusu nusu bomba la fila, lakini naona umebeba mizigo mitatu kwa pamoja: uso uliokuumiza tangu ukiwa mtoto, siri uliyoificha mbele ya mama na daktari, na ukweni unakotaka kuingia kwa heri. Si haki kuipunguza yote hiyo iwe habari ya urembo. Hata hivyo tuanze na mdomo wenyewe, kwa sababu ukishaelewa unavyohusiana na mfupa, hayo mengine yatakuwa mepesi kidogo kuyazungumza.

Hebu tuangalie vipimo vya Julai vitakavyokuwa. Utasimama wima, kichwa kisiinuke wala kisiinamishwe, utaambiwa utamke neno lenye "m" kisha uache midomo ilegee yenyewe. Daktari atachukua rula ndogo apime kutoka chini ya pua mpaka ukingo wa mdomo wa juu, halafu kutoka ukingo huo mpaka ncha ya meno ya mbele. Kwa msichana wa umri wako meno ya juu huonekana milimita 3 mpaka 4 hivi mdomo ukiwa umelegea. Kutokana na kipimo hicho, pamoja na picha za CT na jinsi meno yanavyokutana, ndipo anaamua taya la juu lisogezwe mbele kiasi gani, na lipandishwe au lishushwe kiasi gani. Kwa maneno mengine, mdomo wako ndio rula anayopimia mfupa.

Sasa fikiria rula hiyo imejazwa jeli. Mdomo uliojazwa hunenepa, husukumwa mbele, na ukingo wake unaweza kuteremka kidogo na kuyafunika meno. Daktari asiyejua ataona milimita 2 pahali pa 3, na anaweza kudhani mfupa uko juu mno, akaushusha. Au ataona mdomo umeshajitokeza vya kutosha, akapunguza ile milimita 5 ya kwenda mbele. Kisha baada ya muda jeli inapungua, mdomo unarudi ulivyokuwa, na taya limeshafungwa kwa vibati vya titaniamu na skrubu mahali lilipowekwa. Tofauti ya milimita moja ni ndogo kwenye karatasi, lakini usoni inaonekana.

Unasema unaona kama imeisha. Hapo nakuomba usiliamini jicho lako sana. Fila nyingi za mdomo ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na watengenezaji huzungumzia miezi 6 mpaka 12, lakini picha za MRI zimewahi kuonyesha mabaki usoni hata miaka kadhaa baada ya kudungwa. Mara nyingi kinachoisha mapema ni ule uvimbe wa mwanzo, na jicho nalo linazoea. Kwa miezi mitano, uwezekano mkubwa ni kwamba sehemu nzuri ya ile mililita bado iko ndani. Picha zako za kwanza, za miezi 18 iliyopita, zilipigwa kabla ya fila, kwa hiyo daktari akizilinganisha na za Julai huenda akaona kitu kimebadilika asijue ni nini.

Lipo na jambo jingine ambalo pengine hukuelezwa. Umesema mdomo wako wa juu ni mwembamba, na sina sababu ya kubishana na kioo chako. Lakini mtu ambaye taya la juu limebaki nyuma, mdomo wake wa juu hukosa kitu cha kuuegemea. Nyama ipo, ila imelala bapa juu ya mfupa uliorudi ndani, na mdomo wa chini ukitangulia mbele unaufanya uonekane mdogo zaidi. Mfupa ukisogezwa mbele, mdomo huufuata, si kwa milimita zote tano, ila kwa kawaida zaidi ya nusu yake. Wa chini nao hurudi nyuma kidogo. Yaani uwiano wa midomo yako yote miwili unakwenda kubadilika bila tone la fila. Huenda mdomo unaotaka kuunenepesha leo sio utakaokuwa nao Oktoba.

Nisikupe picha ya asali tupu. Upasuaji wa taya la juu hufanywa kwa kukata ndani ya mdomo, pale shavu na ufizi vinapokutana, na ukifungwa hivi hivi mdomo unaweza kufupika na kujikunja kwa ndani, ukawa mwembamba zaidi. Wapasuaji wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi hushona katikati kwa mtindo wa herufi Y ili urefu na unene ubaki. Muulize daktari wako kama atashona hivyo. Ni swali zuri, na litamwonyesha kwamba mdomo ni jambo linalokugusa, kitu ambacho mpaka sasa hakijui.

Tuje kwenye njia ulizo nazo.

Ya kwanza ni kuongeza nusu bomba mwezi huu. Mbali na kuharibu vipimo, kuna suala la vijidudu. Kinywa hakikosi bakteria, na jeli ni kitu kigeni ambacho bakteria wanaweza kujibanza ndani yake. Ndiyo sababu wadungaji makini huacha angalau wiki mbili kati ya fila na kazi yoyote ya meno, hata kusafisha tu. Upasuaji wako utafungua kinywa kwa saa kadhaa, midomo ikivutwa kwa vyuma vya kuishikilia kila upande. Jeli mpya inaweza kusukumwa, na ikiingia maambukizi hugeuka vinundu vigumu, vyekundu, vinavyouma, ambavyo vinaweza kujitokeza hata wiki au miezi baadaye. Sioni wifi akikuwekea kitu mwezi huu ambacho kitakusaidia Desemba. Lakini uso ni wako.

Ya pili ni kuyeyusha. Ipo dawa iitwayo hayaluronidesi, kimeng'enya kinachovunja jeli ya asidi ya hayaluroniki. Hufanya kazi kwa saa chache, na matokeo huonekana vizuri ndani ya siku moja au mbili. Ukifanyiwa wiki hii au ijayo, mdomo utakuwa na mwezi mzima wa kutulia kabla ya vipimo. Kuhusu kula mdomo wa asili: ni kweli dawa haichagui, huvunja na asidi ya mwili wako iliyopo pale inapodungwa, lakini hiyo mwili huitengeneza upya kila siku. Wengi wanaotishika ni wale waliokwishausahau mdomo wao wa zamani. Wakiuona tena, na umenywea kidogo siku za mwanzo, wanadhani wameibiwa. Hatari yenyewe ni mzio. Sumu ya nyuki na nyigu ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, kwa hiyo kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima au ukabanwa pumzi, mwambie daktari kabla hajashika sindano. Na kazi hii haifanywi sebuleni. Hufanywa penye dawa ya dharura ya mzio na mtu anayejua kuitumia.

Hapo linakuja swali linalonitia wasiwasi kuliko yote: wifi alikudunga nini hasa? Kisanduku cha fila halisi huwa na jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na vibandiko vidogo vya kubandika kwenye faili la mgonjwa. Ikiwa ni hayaluroniki, inayeyuka. Ikiwa ni silikoni ya maji au jeli nyingine ya kudumu, hayaluronidesi haitaigusa, na daktari wa taya lazima ajue hivyo kabla hajapitisha kisu karibu nayo. Kama kisanduku hakipo, kipimo cha ultrasaundi kikifanywa na mtu aliyezoea uso kinaweza kuonyesha kilichopo na kimekaa wapi.

Ya tatu ni kuiacha ilivyo lakini useme. Daktari akijua kuna takriban mililita moja iliyowekwa Januari, anaweza kutegemea zaidi picha zako za kwanza, akapima meno na mfupa akijua mdomo umeongezwa, au akakushauri uyeyushe. Unaogopa ataahirisha. Inawezekana, siwezi kukuapia. Lakini jiulize ana sababu gani ya kuahirisha akiwa na wiki sita mkononi. Habari hiyo hiyo akiipata siku mbili kabla ya nusukaputi, baada ya mpango kukamilika na vibao vya kuongoza meno kuchongwa, ndipo tarehe inapoponyoka. Na kumwambia si lazima iwe mbele ya mama. Piga simu kliniki, sema unaomba dakika tano peke yako na daktari. Una miaka 28, yaliyo kwenye faili lako ni siri yako.

Ya nne ni ile ya Novemba, na hii nataka tuitazame kwa utulivu, maana hapo ndipo roho yako ilipo. Novemba utakuwa wiki 12 mpaka 15 baada ya upasuaji. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, sehemu kubwa hushuka ndani ya wiki nne hadi sita, na ule wa mwisho, ambao wewe utauona ila wageni hawatauona, hukawia miezi 6 mpaka mwaka. Kwa hiyo unene wa mdomo utakaouona Novemba bado si wa kweli. Ndiyo sababu wapasuaji wengi hupenda usubiri miezi 6. Wapo wanaokubali mapema zaidi kwa mgonjwa aliyepona vizuri, na wapo wanaotaka mwaka mzima.

Sababu nzito zaidi ni ganzi. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na taya likikatwa neva hiyo huvutwa au kuguswa. Karibu kila mtu huamka na ganzi. Wengi hurudiwa na hisia kidogo kidogo kwa miezi, wengine inawachukua mwaka, na wachache hubaki na sehemu isiyorudi. Mdomo wa juu nao hupata ganzi, ingawa kwa kawaida huamka mapema zaidi. Katika wiki hizo watu huunguzwa na chai bila kujua. Utaambiwa upime joto kwa kidole, na utakapofika wakati wa kujifukiza na singo, waambie wanaokuandaa wakae mbali na kidevu chako. Sasa weka sindano ya fila kwenye mdomo wa namna hiyo. Ajali mbaya kuliko zote katika fila ni jeli kuziba mshipa wa damu, na mdomo umezungukwa na mishipa hiyo juu na chini. Dalili yake mojawapo ni maumivu makali yasiyo ya kawaida. Mwenye ganzi hayasikii. Zaidi ya hapo, kovu la ndani huwa gumu, na jeli haisambai mle kama inavyosambaa kwenye nyama laini.

Kama hata hivyo utaamua kudunga, Novemba au mwakani, anza na hisia: gusa mdomo kwa pamba, kisha kwa ncha butu ya kijiti cha meno, linganisha kulia na kushoto. Pawe na idhini ya aliyekupasua. Awe mtu mwenye usajili, na Kenya unaweza kulitafuta jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Aanze na kiasi kidogo, nusu mililita au pungufu, asijaribu kumaliza kazi siku moja. Na kabla hajaanza mwombe akuonyeshe hayaluronidesi iliyopo chumbani, mkononi, ikiwa na tarehe inayofaa. Baada ya kudungwa bonyeza mdomo kwa kidole, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kwenye ngozi yetu weupe wa mshipa ulioziba hauonekani upesi kwa nje, kwa hiyo geuza mdomo utazame upande wa ndani na ufizi. Ukiona pamepauka, au mabaka kama wavu, au maumivu yanazidi, rudi saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Na kama huwa unatokwa na malengelenge ya homa mdomoni, taja mapema, kwani sindano huyaamsha na zipo dawa za kuyazuia.

Ya tano umeipita haraka: kuachia tarehe zisogee. Kuna familia hufunga nikaha Desemba kwa watu wachache na kuacha sherehe ya ukumbini mpaka baada ya mfungo. Kuna wanaoahirisha upasuaji, ila hilo lina gharama yake, kwa sababu vyuma vimeshayasogeza meno yako mahali pa upasuaji, na kipindi hiki meno ya chini huonekana yametangulia hata zaidi ya mwanzo. Ungekaa jukwaani na sura hiyo. Umeshalipa ukumbi, najua. Nakutajia tu ili usijione umefungiwa ndani ya Desemba.

Kuhusu wifi, sitaki umwone adui. Alikudunga kwa mapenzi. Lakini huna haja ya kumkatalia kwa jina lako. Mwambie, "Wifi, daktari amekataza uso usiguswe mpaka atakaponiruhusu." Ukishazungumza na daktari litakuwa kweli tupu. Na kama unataka abaki karibu, mpe kazi nyingine: mtaalamu wa kupamba akichora penseli ya mdomo nusu milimita nje ya ukingo, akaweka rangi nyepesi katikati, mdomo wa juu hujaa kwenye picha, na jioni unanawa. Akuletee penseli nzuri kutoka Dubai.

Jambo moja nimeliacha mpaka sasa kwa sababu sina jibu lake, wewe unalo. Yule msichana aliyeitwa majina shuleni, anataka nini siku ile? Atazamwe na watu mia nne bila kupata la kusema, au apumue? Fila ya Novemba inaweza kukupa la kwanza kidogo. Upasuaji wenyewe huenda ukakupa la pili, na huenda ukahitaji muda wa kuuzoea uso mpya kabla ya kuuongezea kitu. Wengi hujishangaa kwenye kioo kwa wiki nyingi baada ya taya kusogezwa. Zungumza hilo na mchumba wako, si kwa kumuuliza kama wewe ni mzuri, ila kwa kumwambia unachoogopa.

Vyovyote utakavyoamua, niandikie tena baada ya Julai, nitapenda kujua walipima milimita ngapi. Na kile kisanduku cha Januari mwulize wifi leo, kabla hajafagia sebule.

Mshauri wako